MWILI MMOJA, MAFUNDI WENGI

Ndugu msomaji, huenda umefungua ukurasa huu ukitegemea hadithi ya mapenzi au shairi la kumsema mjumbe wa nyumba kumi. Nisamehe. Leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao hata jina lao hatujakubaliana. Wengine huwaita "watu wa mazoezi", wengine "madaktari wa viungo", na vijana wakiumia goti kwenye chandimu husema tu "naenda kwa fizio". Vitabuni ni wataalamu wa fiziotherapia. Ni wale wanaomfundisha kutembea mtu mzima aliyekwisha kutembea miaka sitini.

Swali langu ni hili: taaluma ikigawanyika katika matawi mengi, kila mmoja akachukua kiungo chake, je, inapata nguvu au inavunjika? Na kama inavunjika, anayeumia ni nani?

Utaniuliza, yanakuhusu nini? Mimi si mtu wa tiba. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na tangu hapo naandika riwaya ambayo mama yangu anaiita "hilo daftari lako". Lakini maswali mengine hayangoji uwe na cheti. Hili lilinikuta nyumbani, nikiwa nimeshika kamba mkononi. Ngoja nieleze.

Bibi yangu alipata kiharusi alfajiri moja akiwa anachota maji ya kutawadha. Tulimkuta amekaa chini, kopo limelala pembeni, mdomo umekwenda upande. Mkono na mguu wa kushoto vikawa si vyake tena. Alipotoka wodini tukaambiwa tumpeleke mazoezi mara tatu kwa wiki, katika hospitali iliyo karibu nasi.

Chumba cha mazoezi kilikuwa kimoja, na mtaalamu alikuwa mmoja. Dada mfupi hivi, mcheshi, mikono migumu kama ya mpiga chapati. Ndani mlikuwa na kitanda, vyuma viwili vya kushikilia, kioo, ngazi ya hatua tatu isiyokwenda popote, na kamba iliyopitishwa kwenye kapi ukutani. Dada yule aliwatibu watu wote. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, golikipa aliyeteguka, mama aliyeumia mgongo kwa ndoo, mzee aliyetolewa plasta. Wote wake. Akimwona Bibi anasema, "Shikamoo Bibi, leo tunakwenda Tanga kwa miguu." Bibi anajibu, "Marahaba mwanangu, beba wewe maji ya njiani."

Siku ya kwanza, kabla hajamgusa, alituuliza mambo ambayo mimi niliona hayana maana. Choo chenu kiko ndani au nje? Kuna ngazi ngapi? Kitanda chake kirefu au kifupi? Mchana nani anabaki naye? Tukamwambia choo kiko uani na kuna ngazi mbili za kushuka. Basi ile ngazi isiyokwenda popote ikapata pa kwenda. Akamfundisha Bibi kushuka hatua mbili, mguu mgonjwa ukitangulia, na kupanda hatua mbili, mguu mzima ukitangulia. Wiki ya nne Bibi akaenda chooni mwenyewe, mimi nikiwa nyuma yake na fimbo. Kama hujawahi kumwona mtu mzima akirudishiwa stara yake, huwezi kujua furaha ile.

Lakini dada yule pia alimweka kwenye kapi. Mkono mzima unavuta kamba, mkono uliopooza unapanda juu. Mimi nikaona huu ndio ufundi. Nikanunua kamba na kapi, nikafunga kwenye boriti ya ukumbini, na kila asubuhi na jioni nikamsimamia Bibi avute mara ishirini. Akawa analalamika, "Mume wangu, bega linawaka moto." Nami kwa kiburi cha mtu aliyesoma namjibu, "Vumilia Bibi, dawa ni chungu."

Baadaye mjomba alipata fedha kidogo, tukampeleka Bibi mjini kwenye hospitali kubwa. Huko fiziotherapia ina milango. Mlango wa watoto, mlango wa mgongo, mlango wa mifupa na wanamichezo, mlango wa mishipa ya fahamu. Tuliingia huu wa mwisho. Kaka aliyetupokea alimvua Bibi kanga begani, akaweka vidole viwili chini ya ncha ya bega, vikazama. Akanionyesha. Akasema baada ya kiharusi misuli inayoushikilia mkono mahali pake hulegea, mkono ukabaki unaning'inia kwa uzito wake wenyewe. Ukiulazimisha kupanda juu kwa kamba, nyama za ndani zinabanwa na kuchanika. Mkono kama ule haufai kwenye kapi. Unatakiwa uegemezwe juu ya mto au meza, na mtu asiinuliwe kamwe kwa kuvutwa mkono au kwapa.

"Nani kamweka kwenye kapi?" akauliza.

Mimi nikatazama sakafu.

Ndugu msomaji, siku hiyo nikauelewa ubingwa. Bingwa alijua jambo ambalo yule dada mwema hakulijua, na wema wake na bidii yangu vilikuwa vimemuumiza bibi yangu wiki kadhaa. Mtu akikuambia kwamba moyo safi unatosha, mwambie aje aliulize bega la Bibi.

Basi ningeishia hapo, insha hii ingekuwa fupi: mabingwa oyee! Lakini subiri.

Bibi alilalamika pia goti la kulia, lile zima, kwa kuwa sasa lilibeba mwili wote. Tukapelekwa mlango wa mifupa. Huko nako tulikuta mtu hodari, akapima, akasema goti limelika, apunguze kutembea, apumzike. Akaandika karatasi. Yule kaka wa mishipa ya fahamu naye alikuwa ameandika karatasi: atembee, atembee kila siku, kwa sababu ubongo hujifunza kwa kurudia. Milango miwili inayotazamana, wiki moja, mgonjwa mmoja, karatasi mbili zinazogombana. Na hakuna aliyeuliza choo kiko wapi.

Tuliporudi nyumbani Bibi akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akanyamaza, kisha akauliza, "Hawa wameonana?"

"Hapana, Bibi."

"Basi mimi ndiye niliyewaona wote. Sasa unataka nikawapatanishe?"

Akapanda kitandani, hakushuka wiki tatu. Na mimi, kusema kweli, nilifurahi kimoyomoyo, kwa maana karatasi ya kupumzika ilikuwa nyepesi kwangu kuliko ya kutembea. Nikamwachia. Wiki tatu hizo mguu ukakakamaa, vidole vya mkono wa kushoto vikajikunja kama vimeshika kitu ambacho hataki tukione.

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Dada alikuwa na ukweli wa ngazi za choo. Kaka alikuwa na ukweli wa bega. Mtu wa goti alikuwa na ukweli wa goti. Hakuna aliyesema uongo, lakini mgonjwa aliangamia katikati ya kweli tatu. Nani alaumiwe?

Nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba ugomvi huu ni wa zamani, na kwamba taaluma hii ilizaliwa na umoja kabla ya kuzaa matawi. Mwaka 1894 mjini London, kazi ya kukanda na kuchua mwili ilikuwa imechafuka jina. Magazeti ya tiba yaliandika kwamba baadhi ya nyumba za uchuaji zilikuwa kificho cha ukahaba. Wauguzi wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wakaanzisha chama cha wachuaji waliofunzwa, chenye mitihani na kanuni. Mwaka 1920 kikapewa hati ya kifalme, na mwaka 1944 kikachukua jina la fiziotherapia. Kumbe umoja wa kwanza haukuwa wa kutafuta ukubwa. Ulikuwa wa kulinda heshima: kumhakikishia mgonjwa kwamba mkono utakaomgusa ni mkono wa kuaminika.

Huko Marekani nako, wanawake waliowahudumia majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza walianzisha chama chao mwaka 1921, Mary McMillan akiwa rais wa kwanza. Halafu mwaka 1951, mjini Copenhagen, vyama vya nchi 11 vikaungana kuwa shirikisho la dunia. Leo shirikisho hilo lina vyama vya nchi na maeneo zaidi ya 120, na tarehe 8 Septemba, siku lilipoanzishwa, imekuwa siku ya fiziotherapia duniani tangu mwaka 1996.

Kwa hiyo umoja ulitangulia. Lakini kazi ikakua. Wakaja watoto wa polio, wakaja wagonjwa wa mapafu na moyo, wazee, wachezaji, waliokatwa miguu, walioungua, akina mama ambao misuli ya nyonga ililegea baada ya uzazi. Nani anaweza kuyajua yote hayo kwa kina? Marekani ikaweka utaratibu wa kuthibitisha mabingwa, na wa kwanza walipatikana mwaka 1985, watatu tu, wa moyo na mapafu. Leo matawi yamefika kumi. Njia moja ya kufikia mtihani ni kwanza kufanya kazi saa 2,000 katika tawi lako. Saa 2,000! Mimi riwaya yangu sijaipa hata mia tatu, halafu nalalamika kwamba wahariri hawanielewi.

Hoja hii niliipeleka kijiweni kwetu, pale tunapokutana Jumamosi kusomeana kazi zetu. Ikazuka vita. Mshikaji mmoja, mtunzi wa tamthilia, akasema, "Umoja ni lugha ya wanaoogopa kupitwa. Ukiona watu wanaimba umoja, ujue kuna mmoja kawazidi." Dada mmoja mshairi akamjibu, "Na ubingwa ni lugha ya bei. Wakishagawana mwili vipande vipande, kila kipande kina risiti yake."

Wote wawili wana neno. Tuanze na la kwanza.

Ni kweli umoja unaweza kuwa ukuta. Katika miaka ya polio, madaktari wengi wa Marekani waliamini kwamba kiungo kilichoshambuliwa kifungwe kwa vyuma na plasta kisitikisike. Akatokea mwanamke kutoka Australia, Elizabeth Kenny, ambaye hakuwa na vyeti vya kutisha watu. Yeye alitumia vitambaa vya sufu vya moto na kukichezesha kiungo taratibu. Alipofika Marekani mwaka 1940 wakubwa wengi walimpuuza, lakini Minneapolis ikampokea, na baada ya muda njia yake ikaenea na zile plasta zikapungua. Maelezo yake juu ya ugonjwa wenyewe hayakuwa sahihi yote, lakini mikono yake iliona kitu ambacho kundi halikukiona. Umoja usiosikia sauti ya mmoja ni kulindana tu. Na watu wanaolindana humsahau mgonjwa kwanza.

La pili nalo ni kweli, lakini nusu. Ubingwa ukiwa cheo, huwa na bei. Mtu akishaitwa bingwa wa bega, huona aibu kuuliza habari za choo. Anasema hilo si langu. Neno hilo, ndugu zangu, "hilo si langu", ndilo ninaloliogopa kuliko kiharusi chenyewe. Hata hivyo bila saa 2,000 za mtu fulani, mimi ningali ninamvuta Bibi kwa kamba mpaka leo.

Tena kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi sana. Utagawanyaje taaluma mahali ambapo mtaalamu ni mmoja? Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali za afya ambazo zingenufaika na huduma za utengamao, yaani huduma za kumrudisha mtu katika uwezo wake. Hapa kwetu KCMC, kule Moshi, imefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo mingi, na majirani zetu Kenya walitunga sheria ya taaluma hiyo mwaka 2014 na kuiundia baraza lake. Ni hatua. Lakini mgonjwa wa kawaida bado hukutana na chumba kimoja na mtu mmoja, kama yule dada. Kumwambia dada huyo awe bingwa wa kila kitu ni kumwonea. Kumwambia kwamba yeye si kitu kwa kuwa si bingwa ni kumtukana. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono mmoja hauwezi kulea wilaya nzima.

Sasa mimi nasimama wapi? Nitasema kwa uwazi, nanyi mnipinge.

Kwanza, ubingwa ni deni. Aliyepewa nafasi ya kulijua bega kuliko wenzake amepewa na wenzake, kwa sababu kuna wengine waliobaki kuhudumia magoti na migongo wakati yeye anasoma. Deni hilo hulipwa kwa kurudisha ujuzi. Kama kaka wa mjini anajua kwamba kapi linaumiza bega la kiharusi, na dada wa kwetu hajui, basi kosa la kapi si la dada peke yake. Ujuzi uliokaa nyuma ya mlango mmoja ni kama chakula kilichofungiwa kabatini wakati wa njaa.

Pili, anayefanya kila kitu naye ana wajibu wake. Asione kumpeleka mgonjwa kwa mwingine ni kushindwa, wala asione bingwa ni mwizi wa wagonjwa wake. Yeye ndiye anayemjua mgonjwa akiwa nyumbani kwake, na maarifa hayo ni makubwa. Ngazi mbili za choo ni elimu.

Tatu, na hapa ndipo uzito ulipo, lazima awepo mtu mmoja anayesema "huyu ni wangu". Si goti lake. Yeye. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini chombo kisicho na nahodha hata kimoja hakiendi kokote. Bibi yangu alikuwa na manahodha watatu na hakuwa na nahodha. Na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote nilijifanya msomaji wa karatasi tu, nikachagua ile iliyonipunguzia kazi. Lawama nyingine ni yangu, naibeba.

Mwisho wake ulikuwaje? Ulikuwa mdogo, karibu wa kuchekesha. Baada ya wiki tatu yule dada wa kwetu aliona Bibi haji, akapiga simu. Nikamsomea karatasi zote mbili. Hakukasirika kusikia habari za kapi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sikulijua hilo. Nipe namba yake." Akampigia kaka wa mjini. Wakazungumza dakika kama tano hivi. Kaka akamweleza habari za bega, dada akamweleza habari za ngazi na goti. Kisha dada akanipigia: atembee, lakini mara nyingi na kidogo kidogo, mpaka uani na kurudi, na fimbo, goti lipumzishwe kati ya safari, mkono ukae juu ya mto. Kapi nitoe.

Dakika tano. Wiki tatu zilipotea kwa kukosa dakika tano. Sasa mtu akiniuliza umoja wa taaluma ni nini, sitamwonyesha bendera wala katiba ya chama, ingawa navyo vina kazi yake. Nitamwambia ni ile simu. Ni mtu mmoja kusema "sikulijua hilo" bila kuona haya, na mwingine kujibu bila kujigamba.

Nasi wa kalamu tuna milango yetu. Washairi wa vina wanawabeza wa mashairi huru, watu wa riwaya wanaona hadithi fupi ni mazoezi ya watoto, na mwandishi wa maigizo ya redio haalikwi kabisa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, sawa. Lakini msomaji ni mmoja, kama mgonjwa alivyo mmoja, na anapolala na njaa ya maneno haulizi nani alikuwa bingwa wa nini.

Bibi anatembea. Si kama zamani. Anaburuta mguu, na akifika barazani anashusha pumzi kama amebeba gunia. Vidole havikufunguka vyote, na sidhani kama vitafunguka. Jana nilimkuta anachagua mchele kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeegemezwa juu ya mto kama mgeni wa heshima. Akanitazama, akatazama boriti ambako alama ya kamba ingalipo, akasema, "Mume wangu, siku hizi hunitibu tena?"

Nikacheka, naye akacheka. Nikakaa chini, nikamsaidia kuchagua mawe.